Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Ziwa: Miti ya Samaki Karibu na Gati Ipewe Utaratibu

Kwa Waheshimiwa Wasimamizi wa Ziwa na Gati la Umma,

YAH: OMBI LA KUZAMISHA MITI KARIBU NA GATI, AMBALO HALIJAJIBIWA

Waheshimiwa, tunawasalimu kwa heshima zote.

Tunaoandika ni wavuvi wa ndoana tunaovulia juu ya gati. Hatuna boti. Wengine wetu ni wazee ambao magoti hayawaruhusu tena kupanda mtumbwi, wengine ni watoto wanaofundishwa kuvua na babu zao, na yupo mwenzetu anayekuja na kiti cha magurudumu, kwa sababu gatini ndipo mahali pekee anapoweza kuyafikia maji. Barua za kawaida tumeshaandika. Ofisini tumekuja, tumepokelewa vizuri, tumeambiwa suala letu linafanyiwa kazi, tukarudi kusubiri. Jibu halijaja, la kukubali wala la kukataa.

Ombi lenyewe ni dogo. Tuliomba turuhusiwe, chini ya usimamizi wenu, kuzamisha miti michache mahali palipopimwa, umbali wa kurusha ndoana kutoka gatini, ili samaki wapate maficho na chakula karibu na watu wasioweza kuwafuata mbali. Tumeamua kuandika hadharani, na si kwa kutaka kumvunjia mtu heshima. Mambo yanayoendelea chini ya gati yamefika mahali ambapo siku moja mtu ataumia vibaya, na hatutaki siku hiyo isemwe kwamba hakuna aliyetoa taarifa.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Ukingo ulisafishwa, samaki wakaondoka

Kabla gati halijakarabatiwa, ukingo ule ulikuwa na miti iliyoangukia majini, mizizi iliyoning'inia na matete. Ilipofanyika kazi ya kupendezesha ufukwe, vyote viling'olewa na kubebwa. Leo maji yakiwa maangavu, ukisimama gatini unaona mchanga mtupu mpaka jicho linapoishia. Samaki mdogo hana pa kujibanza pale, na asipokuwepo mdogo, mkubwa hana sababu ya kupita.

Aliyewahi kuvuta tawi lililokaa majini miezi michache anajua tunachosema. Linatoka limefunikwa na utelezi wa kijani. Ukipitisha kidole unagusa konokono wadogo walioganda, na viluwiluwi vya kereng'ende vilivyojibana kwenye nyufa za gome. Ukilitikisa juu ya beseni vinadondoka vifaranga vya samaki vyenye urefu wa ukucha. Utelezi ule ni mwani na vijidudu. Konokono na viluwiluwi wanaula, samaki wadogo wanawala hao na kujificha katikati ya vijiti, na wakubwa wanazunguka pembeni wakivizia. Ukiuondoa mti, mlolongo wote huo unakatika.

Wala si hadithi za wavuvi. Mwaka 2002 watafiti katika ziwa Little Rock, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, waliondoa sehemu kubwa ya miti iliyolala majini upande mmoja wa ziwa, upande wa pili wakauacha kama ulivyokuwa. Upande uliosafishwa, samaki wadogo ambao ndio waliokuwa chakula cha wakubwa walipungua hadi wakakaribia kutoweka, na ukuaji wa wakubwa ukazorota. Tuna mfano wa Afrika pia. Bwawa la Kariba kwenye mto Zambezi lilipoanza kujaa mwishoni mwa 1958, baadhi ya maeneo yalikuwa yamefyekwa na kuchomwa ili nyavu zisinase, lakini msitu mwingi uliachwa uzame ukiwa umesimama. Miti ile iliyokufa iliota mwani, na viluwiluwi vya wadudu vikatoboa mbao na kuishi humo kwa wingi, vikawa chakula cha samaki kwa miaka mingi.

2. Vitu vinavyozamishwa usiku

Watu wanataka samaki, na kila mvuvi anajua kwamba mti huvuta samaki. Kwa kuwa ofisi haijatoa ruhusa wala marufuku, kila mtu anajiamulia. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa uangalifu, tena wapo wanaozamisha chochote kilichopo: matairi yaliyofungwa kwa kamba ya nailoni, fremu za milango, mbao za paa zilizotiwa dawa ya mchwa, vipande vya samani vilivyopakwa rangi.

Baadhi ya dawa za mbao zina shaba, kromu na aseniki. Ubao uliotiwa dawa ili mdudu asiusogelee hauwezi kulisha viumbe tuliowataja hapo juu, na dawa yenyewe huchujuka taratibu ikaingia majini. Kwa matairi, dunia ilishapata somo la gharama kubwa. Kuanzia mwaka 1972, matairi yapatayo milioni mbili yalizamishwa baharini mbele ya mji wa Fort Lauderdale, Florida, kwa nia njema kabisa ya kuwajengea samaki makazi. Vifungo vililiwa na kutu, matairi yakatawanyika, na kila dhoruba ikayasukuma kwenye matumbawe hai yakayasaga. Wapiga mbizi wa jeshi walianza kuyaopoa mwaka 2007, na kazi hiyo imekuwa ya miaka mingi. Sisi hapa hatuna wapiga mbizi wa jeshi.

Hata mti wa kawaida unahitaji kuchaguliwa. Utupa na mnyaa ni mimea inayojulikana kwa kulevya na kuua samaki. Mtu aliyekata uzio wake wa mnyaa na kuona matawi yamejaa uani anaweza kuyapeleka ziwani akidhani anasaidia. Nani amewahi kumwelekeza?

3. Usalama wa watu

Hili ndilo linalotukosesha usingizi.

Kijana mmoja alijirusha kutoka ncha ya gati, pale pale ambapo watoto wameogelea siku zote, akatoka paja limechanika. Tulipokwisha kumfunga kidonda, mwenzetu akazama kuangalia. Alikuta fremu ya mlango imesimama wima, imefungwa kwenye jiwe, misumari imetazama juu. Aliyeiweka hakuwa na nia mbaya, alitaka samaki tu. Hakujua watoto wanarukia wapi, na hapakuwa na mahali pa kwenda kuuliza. Taarifa ya tukio hilo tuliileta ofisini siku iliyofuata. Fremu tuliitoa wenyewe.

Boti nayo imewahi kurudi gatini kwa kupigwa makasia, rafadha imezongwa na kamba ya nailoni iliyofungia tairi. Ingekuwa siku ya upepo, waliokuwemo wasingerudi kirahisi.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa usiku hawawezi kulijua. Maji ya ziwa lenye bwawa hupanda na kushuka. Mti uliowekwa wakati wa mvua, ukiwa kwenye kina cha kutosha, kiangazi kikikolea matawi yake hubaki chini kidogo tu ya uso wa maji, mahali ambapo nahodha hayaoni na boti inayafikia. Anayezamisha mti anapaswa kupima kina kuanzia kiwango cha chini kabisa ambacho maji hufikia, si kiwango cha siku aliyokuja na mti wake. Kumbukumbu za viwango hivyo zimo kwenye mafaili yenu. Kwa sababu hiyo peke yake, kazi hii haiwezi kufanywa salama bila ninyi.

4. Ugomvi wa "mti wangu"

Penye mti wa siri pana anayejiona mwenye mti. Tayari zimetokea kauli kali gatini: huyu amezamisha matawi upande wa kushoto, basi asiyemjua asitupe ndoana pale. Gati ni la umma na maji ni ya umma, lakini hatuna karatasi ya kumwonyesha anayedai vinginevyo.

Mambo haya yakiachwa hukua. Wavuvi wa Benin wamesimika matawi kwa vizazi vingi kwenye tope la maziwa ya pwani, hasa ziwa Nokoué, kwa mtindo wanaouita acadja. Samaki wa jamii ya perege hukusanyika humo kula utelezi unaoota kwenye vijiti, na mavuno yake ni makubwa. Pamoja na neema hiyo, mtindo huo umezaa migogoro mizito, kwa sababu aliyesimika matawi hudai eneo la maji kuwa lake na asiye na matawi hukosa pa kutupa wavu. Mikoko nayo ilikatwa ili kupata vijiti. Sisi bado tuko mwanzoni, na ukurasa mmoja wa kanuni ungetosha kuzuia hayo.

5. Kutojibiwa

Hapa hatuna maneno mengi. Mwananchi akikataliwa anajua pa kusimama na anaweza kukata rufaa. Asipojibiwa, hana hata cha kukatia rufaa.

Tunajua yapo maelezo mtakayotupa, na mengine tumeshayasikia kwa mdomo. Tungependa kuyazungumza mapema.

Mtasema miti haiongezi samaki, inawakusanya tu ili wavuliwe kwa urahisi. Hoja hii ina uzito, na wataalamu wa uvuvi wameibishania kwa miaka mingi. Penye samaki wachache na wavuvi wengi, kuwakusanya mahali pamoja kunaweza kuwamaliza. Kwa hiyo hatuombi miti yote iwe chini ya ndoana zetu. Tunapendekeza angalau nusu yake iwekwe mbali na gati, mahali ambapo ndoana haifiki na wavu umepigwa marufuku, pawe mazalia na makulia ya samaki. Iliyo karibu na gati ivuliwe kwa ndoana tu, na samaki wachanga warudishwe majini. Mkiona tunavua kupita kiasi, punguzeni idadi tunayoruhusiwa kuondoka nayo. Tutaikubali.

Mtasema miti itachafua maji. Rundo la majani mabichi likitupwa kwenye maji yaliyotuama linapooza hula hewa, na samaki wanaweza kufa. Ni kweli, na dawa yake ni kupukutisha majani kwanza na kuweka miti michache kwa awamu. Mbao zenyewe huoza polepole sana zikiwa chini ya maji muda wote, kwa kuwa huko hewa ni haba. Sehemu inayowahi kuoza ni ile inayolowa na kukauka kwenye mstari wa maji.

Mtasema miti itaelea na kwenda kuziba milango ya bwawa. Ikitupwa hovyo, itaelea, hasa mti mkavu. Mti mbichi wa mbao nzito ukifungwa shinani kwa bloku za zege hautoki ulipowekwa. Baada ya muda mbao hunywa maji na mti hautaki tena kuelea, kwa hiyo hata kamba ya katani inayooza yenyewe inaweza kutosha mahali pasipo na mkondo. Penye mkondo au mawimbi makali vitafutwe vifungo vya kudumu, na mhandisi wenu ndiye aseme ni vipi.

Mtasema tutamaliza msitu. Hatuombi kukata hata mti mmoja uliosimama. Kila msimu wa dhoruba kuna miti inayoanguka, na kila mara nyaya za umeme na barabara zinaposafishwa kuna matawi yanayochomwa moto. Hayo yanatutosha na kubaki.

Kuhusu bajeti, nguvu kazi tunatoa sisi. Kukata, kufunga, kubeba na kusafisha baadaye tutafanya bila malipo. Tunachohitaji kwenu ni boti moja yenye kipima kina, mtaalamu mmoja wa samaki na siku moja ya kazi, pamoja na sahihi yenu.

Sasa tunaomba yafuatayo, na tunaomba yajibiwe moja moja.

Kwanza kabisa, kabla ya mti wowote kuingia majini, eneo linalozunguka gati likaguliwe na vitu vyote vya hatari viondolewe: matairi, fremu, mbao za dawa, nyaya, kamba za nailoni. Ombi hili halitegemei mengine. Hata mkikataa habari ya miti yote, hili linabaki.

Pili, mtoe katazo la maandishi kwa mtu yeyote kuzamisha kitu bila kibali, libandikwe gatini. Ndiyo, tunaomba tukatazwe. Katazo lenye mlango wa kuombea kibali linatufaa kuliko hali ya sasa.

Tatu, mchore ramani ndogo ya gati inayoonyesha pa kuogelea, njia ya boti, na sehemu itakayowekwa miti. Ncha ya gati na upande wa ngazi ibaki wazi kabisa. Miti isiwe chini ya gati lenyewe, kwa sababu kivuli cha gati kinawatosha samaki wanaopenda kivuli, na mshipi ukikatikia pale unabaki ukining'inia kwenye nguzo ambapo watoto wanashika kwa mikono. Kila kundi la miti liwe na boya juu yake.

Nne, kina. Mtaalamu wenu aseme. Maoni yetu ni kwamba kusiwe juu mno kwa sababu ya boti, wala chini mno, kwa kuwa kwenye maziwa yenye kina kirefu na joto maji ya chini kabisa mara nyingi hukosa hewa na samaki hawakai huko. Mti uliozamishwa huko umepotea bure.

Tano, aina ya miti. Tungependa mbao ngumu zenye vijiti vingi vyembamba kwa upande wa mazalia, maana vifaranga hukaa kwenye msongamano. Kwa upande wa wavuvi, mianzi iliyosimikwa kwenye ndoo ya zege ingefaa zaidi: inasimama wima, haina vijitawi vingi vya kunasa ndoana, na mzee asiyeona vizuri hapotezi chambo chake kila anaporusha. Utupa, mnyaa na mbao yoyote iliyotiwa dawa au rangi viorodheshwe kuwa marufuku.

Sita, iandikwe wazi kwamba miti hiyo ni ya umma, haina mwenyewe, na hakuna anayeweza kumzuia mwingine kuvua hapo.

Saba, kila mwaka maji yanapokuwa chini kabisa pafanyike ukaguzi wa pamoja kati yenu na sisi. Siku hiyo tutaondoa mishipi iliyonasa, tutatazama vifungo, na mtaalamu wenu atahesabu samaki. Ikiwa baada ya misimu michache takwimu zake zitaonyesha miti imeleta hasara, iondolewe. Tutashika kamba wenyewe.

Waheshimiwa, tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30 tangu kutolewa kwa barua hii, na yabandikwe kwenye ubao wa matangazo gatini ili hata asiye na simu ayasome. Yakiwa ya kukataa, tupeni sababu na jina la cheo cha tunayeweza kumwendea kwa rufaa.

Kwa upande wetu, tumekubaliana kwamba hakuna hata mmoja kati yetu atakayezamisha kitu chochote wakati tunasubiri. Pia tumeanza kuandika orodha ya sehemu tunazojua zina matairi na mbao zenye misumari, kwa vipimo vya hatua kutoka kwenye nguzo za gati. Tutamkabidhi orodha hiyo ofisa yeyote mtakayemtuma, siku yoyote, na yuko mwenzetu atakayeshuka naye majini kumwonyesha.

Wenu katika kulitunza ziwa,

Wavuvi wa ndoana wa gati la umma